Karakana Imekamilika

Jirani amenunua keekee ya kusimama, ile ya nguzo ndefu, mtumba kutoka Ulaya. Vijana wameishusha kwenye Kirikuu, wameisimamisha katika banda lililokuwa la kuku, na picha imesharushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Karakana imekamilika." Hongera zimemiminika. Shangazi ameandika amina.

Kitakoni kuna matundu ya bolti. Yako wazi. Uzito wa mashine hii uko kichwani, kwenye mota na puli. Isipofungwa kwenye zege, inangoja tu chuma kikwame ili imlalie mwenyewe. Lakini bolti za sakafuni zinataka pesa, na pesa imeishia kwenye aproni ya ngozi.

Umeme nao. Mota ni ya fezi tatu. Banda lina waya wa fezi moja uliovutwa kutoka jikoni, wa ubia na jokofu. Basi mashine inang'aa tu, imetulia kama bwana harusi.

Siku itakapowaka ndipo tutaona. Kuhamisha mkanda kwenye puli ili kubadili mwendo, hiyo anaona ni kazi ya wenye wasiwasi: ncha ya milimita 20 itapelekwa kasi ile ile ya ncha ya milimita 3, na moshi utatoa somo. Jiliwa? Mikono ipo. Tena ndani ya glavu nene, maana anaona ndivyo mafundi wavaavyo; kwamba ncha inayozunguka hunasa glavu pamoja na mkono uliomo, hilo bado halijamfikia.

Akikualika kuiona, nenda. Ila simama mbali kuliko urefu wake.