Usifiwe, Ewe Ubishi wa Marvel

Watu wazima, wenye wake na madeni na leseni za kuendesha trela, husimama nje ya forodha ya Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mishipa ya shingo imewatoka, wakigombania kama Captain America: The Winter Soldier ni ya kwanza au ya tatu kwa ubora kati ya filamu za Marvel. Nimewasikia wapita njia wakiwaita wavivu. Nimemsikia mhubiri wa barabarani, mwenye kipaza sauti kibovu, akiwaombea. Mimi nimekuja kuwasifu.

Kusifu kitu duni hakukuanza na mimi. Lucian wa Samosata, katika karne ya pili, alikaa chini akaandika sifa za nzi, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha sifa za upumbavu, na wote wawili bado wanasomwa. Hata huku kwetu jambo hili lina ukoo wa heshima. Kwenye baa za kandokando ya ziwa, Mjaluo anayetaka kufanya pakruok humtunza mpiga benga anyamaze kidogo, kisha hujimwagia sifa yeye, mpenzi wake na kijiji chao, halafu gitaa likaendelea. Ubishi wa Marvel ni pakruok ya asiye na hela ya kumtunza mtu. Anayetajwa ni Thor, anayesifiwa ni msemaji.

Tazama jinsi unavyovuka mpaka. Mwaka 2017 Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda kwa ajili ya homa ya ndege. Machi 2021 ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakaganda. Maziwa nayo yameshakamatwa. Lakini mtu akitamka asubuhi, Busia ya Kenya, kwamba Iron Man 3 ni takataka, saa nne maneno hayo yako Sofia upande wa Uganda, na mchana yamefika Tororo kwa boda boda, yamekolezwa chumvi, bila wakala wa forodha kuyatoza hata senti. Wanaolitafuta soko huria la Afrika Mashariki kwenye mikutano ya hotelini wangekuja kuliangalia hapo.

Halafu kuna suala la nani anampanga nani. Mpakani mtu hupangwa kutwa nzima. Lori lina nafasi yake kwenye foleni, mzigo una zamu yake kwenye mizani, karatasi ina dirisha lake, na yote hayo huamuliwa na mtu mwingine aliyekaa kivulini. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipolazimika kusubiri majibu ya vipimo, foleni ya Malaba ilirefuka makumi ya kilomita na watu wakalala chini ya trela. Wa karata walicheza karata, wa kusali wakasali, na waliobaki wakatoa simu zenye muvi za kuwekewa kwenye memori kadi, wakaanza kuzipanga. Hapo utingo, ambaye siku zote ni wa mwisho kula na wa mwisho kulala, anageuka mwenye dirisha. “Ant-Man, rudi nyuma. Wewe Doctor Strange, karatasi ziko wapi? Subiri pale.” Sijaona afisa wa serikali yoyote akipiga muhuri kwa raha kama ile.

Maadui wa ubishi huu husema kosa lake ni kwamba hauishi. Kweli hauishi, na sababu yake ni nzuri sana: wabishi hawajaona filamu moja. Upande wa Uganda filamu hupitia kwanza mdomoni mwa VJ, awe VJ Junior au VJ Jingo au mwingine wa shule yao, anayeongea Kiganda juu ya sauti ya filamu, akitafsiri apendacho na kuongeza asichokikuta. Upande wa Kenya kuna kizazi kizima kilicholelewa na DJ Afro, kwa Kiswahili cha mtaani, na Watanzania nao walikuwa na Lufufu wao. Mtafsiri wa namna hii hampi mtu maneno ya stelingi tu. Humpa pia maoni yake juu ya stelingi, juu ya mavazi yake, na juu ya nyumba aliyozaliwa. Dunia ilionjeshwa jambo hili ilipoigundua Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Nabwana wa Wakaliga, Kampala, iliyosemekana kugharimu chini ya dola 200, ambamo VJ Emmie hanyamazi hata watu wakifa. (Wapo wanaodai Captain Alex aingizwe kwenye orodha ya Marvel kwa kuwa naye ni Captain. Mimi siwazuii, ila marehemu atawakilishwa na nani, wakati muuaji wake hajulikani mpaka leo?)

Basi jioni moja, Sofia, kwenye meza ya mama wa rolex, ile chapati ya mayai, mbadilisha fedha kutoka upande wa Kenya alikuwa akimtetea Thanos. “Boss, yule jamaa alikuwa na pointi. Watu wamezidi, chakula hakitoshi.” Dereva wa Kiganda akamkatalia katakata. “Naye ssebo, ile ilikuwa kesi ya shamba. Walimnyang'anya shamba la baba yake.” Wakatazamana kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Ilichukua muda kugundua kwamba VJ wa dereva, kwa kuona kwamba habari za uhaba wa rasilimali katika ulimwengu hazimsisimui mtu, alikuwa amempa Thanos mgogoro wa ardhi. Mama wa rolex aliligonga yai la pili kwenye ukingo wa bakuli, akalimimina juu ya kabeji na nyanya, akalikoroga, kisha akauliza bila kuinua kichwa, “Kwani huyo Thanos hana mama? Aitwe.” Kesi ikaahirishwa.

Ukiniuliza, ile ya shamba ndiyo filamu bora.

Ubishi huu unafundisha historia pia, na uraia. Chukua Black Panther. Ilitoka Februari 2018, na Kisumu ikapata uzinduzi wake kwa heshima ya Lupita Nyong'o, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa gavana. Mwezi huohuo, tarehe 24, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia. Sasa ndani ya filamu hiyo kuna Kabila la Mpakani, watu wanaojifanya wafugaji wa kawaida, wamejifunika mablanketi, huku wakificha mali isiyosemeka nyuma ya migongo yao. Hapo kibanda kizima cha video hucheka kwa namna ya watu waliotambuliwa. Na kiongozi wa kabila hilo, W'Kabi, anachezwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda. Upande wa Uganda hujidai kwa hilo, kisha huongeza Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, miongoni mwa askari wanawake wa mfalme. Wawili kwa mmoja! Upande wa Kenya hujibu kwamba Lupita ni wa Kabila la Mtoni, mwaminifu mwanzo mpaka mwisho, wakati huyo W'Kabi wenu alimgeuka mfalme wake, akasalimu amri baada ya kifaru wake kumlamba mkewe usoni badala ya kumkanyaga. Hakuna anayekumbuka kwamba Lupita alizaliwa Mexico. Na mtu akikumbuka, huambiwa anyamaze kwa sababu analeta mambo ya uhamiaji.

Sharti niseme neno kwa ajili ya mwenye kibanda, maana ndiye anayebeba gharama za utukufu huu. Avengers: Endgame, ya mwaka 2019, ina saa tatu. Kiingilio ni kilekile cha filamu ya Mchina ya saa moja na nusu. Mwenye kibanda akiiweka jioni ya Jumamosi amepoteza onyesho zima la pili na pengine kipindi cha kwanza cha mechi ya Uingereza, jenereta likinguruma nyuma ya mabati. Kwa hiyo kwenye orodha yake Endgame ni ya mwisho, na The Incredible Hulk ya mwaka 2008, ambayo haifiki saa mbili, ni kazi adhimu ya sanaa. Nimesoma wahakiki wenye vigezo dhaifu kuliko hicho.

Tukiwa kwa Hulk, tufike Tororo. Wenyeji wa Tororo wana jiwe lao, kipande cha volkano ya kale kinachosimama peke yake kikitazama nchi mbili, na mtu aliyekua chini ya jiwe kama lile hawezi kumweka Hulk chini ya nafasi ya tatu. Wana pia tabia ya kuongea na Busia kama mzazi, kwa kuwa wilaya ya Busia ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. “Nyinyi tuliwazaa juzi,” husema, na mjadala ukafungwa kwa ukuu wa umri. Wakirudi kwao hukuta mzozo wa miaka mingi, Iteso na Jopadhola wakivutana juu ya namna ya kuigawa wilaya iliyobaki, mzozo ambao haufai hata kidogo kuzungumzwa kwenye meza yenye chupa. Ndipo mtu mwenye busara hukohoa, akauliza kama Guardians of the Galaxy ni vita au vichekesho. Nimewaona watu ambao hawakusalimiana tangu uchaguzi wakikubaliana kwamba ule mti unaotembea ni mtu mwema.

Sasa nitoe yangu, maana kusifu mapigano bila kurusha ngumi ni utovu wa adabu. Wahakiki wa dunia, kwa miaka mingi, waliiweka Thor: The Dark World ya mwaka 2013 mkiani mwa orodha zao, mpaka Eternals ilipokuja mwaka 2021 kuipokea zamu. Mimi naiweka ya kwanza, na nasema dunia hiyo haijawahi kuishi Busia. Angalia hadithi yenyewe. Mfalme amefunga mpaka, marufuku mtu kutoka. Kuna mwananchi mwenye haraka na kuna mgonjwa wa kuvushwa. Afisa wa mpaka, Heimdall, ambaye macho yake huona kila kitu, siku hiyo anaamua kumwita mfalme kwa jambo la dharura ili njia ibaki wazi. Na mtu pekee anayejua pa kupitia ni Loki, mfungwa, mwongo, aliyewageuka ndugu zake, lakini anazijua njia za panya kati ya ulimwengu mmoja na mwingine. Wanamtoa jela, wanamkabidhi usukani, naye anaipenyeza ile mashua inayopaa kwenye ufa wa mlima usioweza kupitisha hata mbuzi. Kibandani sijasikia ukimya kama wa dakika ile. Watu walikuwa wanasoma mbinu.

Na haiishii hapo. Jane, akiwa amekwama pangoni kwenye ulimwengu mwingine, anasikia simu yake ikiita, mtandao wa London umemfikia. Watu wa kwingine walicheka wakasema mwandishi amechoka. Sisi ambao simu zetu hutukaribisha Uganda tukiwa bado kitandani Kenya tulielewa mara moja, na swali letu lilikuwa moja tu: amekatwa hela ngapi?

Niliwapelekea hoja hizi Tororo nikijua zitakataliwa, kwa sababu filamu hiyo haina Hulk. Siku mbili zikapita kimya. Kisha likaja jibu kupitia dereva mmoja wa lori la saruji, mtu wa maneno machache. Wamekaa, wameitazama tena, na wamefika pale watoto wa London wanapoliinua lori zima la kuchanganyia saruji kwa mikono mitupu, likielea hewani halina uzito. Walirudisha nyuma mara kadhaa. Wanakubali iwe ya kwanza, kwa sharti kwamba kwenye orodha iandikwe kuwa filamu hiyo ni ya Tororo, na kwamba niwatafutie kopi isiyo na kichwa cha mtu anayekwenda chooni.