Mchwa Apewe Chake

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa Ipogolo sijaona mnyonge anayetukanwa kama mchwa. Fundi akipaka boriti oili chafu, analaani mchwa. Nguzo zinazopita kwenye malori kutoka Mafinga zimetiwa dawa kwa ajili yake. Hata mtu akitafuna fedha za halmashauri, mchwa ndiye anayebebeshwa jina. Hapo mniruhusu nisimame kumtetea. Mchwa akila gogo, mvua ikinyesha tunapata uyoga. Mtafunaji yule wa pili hutuachia zahanati isiyo na paa.

Bomoa kidogo ule mfereji wa udongo alioupandisha ukutani. Askari watatokea kwanza, kichwa kikubwa, taya wazi. Nyuma yao vibarua, kila mmoja na chembe ya udongo uliolowa mate, na tundu linazibwa. Hakuna kikao wala posho.

Na shambani kwake? Tumbo la mchwa wa vichuguu haliwezi peke yake ugumu wa mti. Basi anautafuna, anaunya, na mavi yale anayafinyanga kuwa masega chini ya ardhi. Humo huota kuvu, ambayo huozesha kilichomshinda mchwa, kisha mchwa hurudi kula masega yaliyoiva. Kuvu hiyo nayo haina kwingine pa kuishi ila kwa mchwa. Na si mambo ya juzi: mwaka 2016 watafiti walitangaza visukuku vya viota vya mchwa, bustani zake za kuvu zikiwa bado ndani, kutoka Bonde la Rukwa, huko huko upande wa Mbeya na Songwe. Umri wake ni miaka milioni 25 hivi. Sisi tuliojifunza kulima miaka elfu kumi na kidogo iliyopita bado tunapanga foleni ya mbolea ya ruzuku.

Ukarimu wake sasa. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, anawatoa wanawe wenye mabawa kwa maelfu. Kuku wanakula, mijusi wanakula, kunguru wanakula, na watoto wanatega beseni la maji chini ya taa kwa ajili ya kumbikumbi wa kukaanga. Wachache wanaopona ndio wanaoanzisha vichuguu vipya. Baadaye uyoga wa kuvu ile unachomoza, na akina mama wanaupanga kando ya barabara kuu. Mhanga naye hufukua usiku akila wenyeji. Shimo analoliacha, ngiri anahamia bila kodi.

Ndiyo, hula mahindi yaliyolala shambani. Hula na vyeti vya ndoa kabatini, ingawa baadhi ya ndoa hizo zilishaliwa zamani.

Wanaolalamika zaidi ni wenye nyumba. Waulize matofali yao yalifyatuliwa kwa udongo gani. Wengi watakuambia wa kichuguu, maana unashikana vizuri. Walimvunjia kwake wakajenga kwao, na leo wanashangaa kumkuta darini.