Nipimeni Kama Korosho

Mwalimu wa Kujitolea,
Kitangari,
Wilaya ya Newala,
Mkoa wa Mtwara,
Tanzania.

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani,
Serikali ya Uingereza,
London.

YAH: MAOMBI YA KUPIMWA NA MTU ANAYEJUA KUPIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa hisabati mwenye shahada. Ajira ya serikali bado naisubiri, kwa hiyo nafundisha kwa kujitolea. Kwa asiyelielewa neno hilo, kujitolea ni kazi ileile ya mwalimu mwingine, tofauti yake inaonekana mwisho wa mwezi. Oktoba ikifika na msimu wa korosho ukifunguliwa, naongeza kazi ya pili: karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Hii ya pili ndiyo inayonilipa, na ndiyo iliyonipa ujasiri wa kukuandikia.

Maana huku kwetu kupima tunakujua. Korosho ikiingia ghalani haiulizwi ni ya mtoto wa nani. Inachukuliwa sampuli, kiganja hapa kiganja pale, magunia ya juu na ya chini, maana wapo wajanja wanaoficha mbovu katikati. Kifaa cha unyevu kinafanya kazi yake. Kisha punje zinahesabiwa na kukatwa moja moja, kati kwa kati. Kila ukikata unatazama: kiini cheupe kinakwenda huku, chenye madoa huku, kilichosinyaa huku, ganda tupu kule. Mwisho wake meza imejaa maganda, vidole vimebabuka kwa mafuta yake, na jibu lipo: daraja la kwanza au la pili. Karatasi inaandikwa. Mnunuzi wa India au Vietnam anaisoma karatasi hiyohiyo ya Newala na kutoa pesa. Sijasikia hata siku moja kwamba korosho ya Kitangari imepelekwa kufanya mtihani wa Kivietinamu.

Ndipo nikasoma masharti yenu ya viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, ile mliyoianzisha Desemba 2020. Niliyasoma kwa simu, nimekaa chini ya mkorosho, na kwa kuwa ni mwalimu wa hisabati nikaanza kwa kujumlisha. Mnataka alama 70. Mwajiri mwenye leseni yenu ya kufadhili wageni, 20. Kazi yenyewe kuwa ya ngazi mnayoitaka, 20. Mshahara, 20. Kiingereza, 10. Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Ni 70 kweli. Ila alama ya kujua kufundisha sikuiona. Viza inaitwa ya mwenye ujuzi, lakini ujuzi wenyewe haumo kwenye hesabu. Uliopimwa ni ujuzi wa kazi, si wa mtu. Ni sawa na kupima gunia ukaacha korosho nje.

Kwa wanaotaka kufundisha kwenu, wizara yenu ya elimu ilifungua mlango mwingine Februari 2023. Mwalimu wa hisabati, sayansi au lugha aliyesomea ualimu Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini, Jamaika, India, Singapore, Hong Kong au Ukraine akaruhusiwa kuomba hadhi ya ualimu wa Uingereza. Tisa hizo. Tanzania haimo. Nimejaribu kuelewa x mraba ya Harare inaizidi nini ya Kitangari nikashindwa, na nina shahada ya jambo hilo.

Turudi kwenye zile alama 10 za Kiingereza, maana hapo ndipo panaponiuma. Tangu nivuke darasa la saba, kila somo nililofundishwa, ukiacha Kiswahili chenyewe, nilifundishwa kwa lugha yenu. Shuleni kwetu aliyekamatwa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na kukivua ilikuwa lazima umkamate mwenzako akiteleza. Nilikivaa siku nzima mara moja kwa kosa la kusema “Mama yangu!” baada ya kukanyaga mwiba. Nikasoma hivyo hadi chuo kikuu. Mitihani, vitabu na hata matusi ya mhadhiri yalikuwa Kiingereza. Leo mnasema Kiingereza hicho bado hakijathibitika. Mnayo orodha ya nchi mnazoziamini kwa lugha: Jamaika imo, Malta imo, nchi ya Afrika haimo hata moja. Sisi wengine tukafanye mtihani wa kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, au tulipie taasisi yenu ithibitishe kwamba shahada iliyoandikwa kwa Kiingereza ilisomwa kwa Kiingereza. Na tangu Januari 8, 2026 kiwango mmekipandisha kutoka B1 hadi B2. Mheshimiwa, kile kibao sikukivaa bure. Nakidai.

Sasa pesa. Mwaka 2018, siku jeshi letu lilipotumwa kusomba korosho, serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Pauni yenu moja, kwa miaka hii ya karibuni, inazunguka humohumo. Kwa hiyo kwa hesabu za ghalani pauni moja ni kilo moja, na gunia ni kilo 80. Ada yenu ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, tangu Februari 2024. Viza ya miaka mitatu ni kilo 3,105: magunia 39, kabla sijalipia viza yenyewe, na kabla sijaumwa. Halafu mnataka nionyeshe akiba ya pauni 1,270 iliyokaa benki siku 28 mfululizo. Hayo ni magunia 16, sawa, yanatafutika. Ninachokiogopa ni siku 28. Pesa ya korosho huku haijawahi kukaa siku 28. Inaingia Ijumaa, Jumamosi kuna deni la dawa ya kupulizia, Jumapili kuna unyago wa mtoto wa dada, Jumatatu mwenye mabati ya nyumba amekwisha kusikia.

Ubora wa korosho tunautaja kwa paundi, yaani paundi za viini zinazopatikana kwenye gunia moja la kilo 80. Ikigonga hamsini, ghala zima linachangamka. Nanyi mnanipima kwa pauni. Ila paundi yetu hutoka ndani ya ganda, pauni yenu hutoka mfukoni.

Na palipo na mizani ngumu, kangomba hawakosi. Labda huwajui. Kangomba ni yule anayepita vichochoroni kabla ya mnada na kopo lake, anajaza korosho zako hadi zinamwagika, anakuhesabia kilo moja, nawe unakubali kwa sababu una njaa leo na mnada ni mwezi ujao. Mtoto wa mama yangu mdogo alimpata kangomba wa viza huko Dar. Ofisi nzuri, kochi, bendera yenu ukutani. Akatozwa shilingi laki sita za kutafsiri vyeti. Vyeti vyenyewe vya Baraza la Mitihani viko kwa Kiingereza. Vilitafsiriwa hivyohivyo vikarudi na muhuri mwekundu, na ofisi ikahama.

Nisikufiche, nasi si malaika. Sheria yetu ya 2015 ya ajira za wageni ina vibali vyake na foleni yake, na Mtanzania aliyesoma nje akirudi hapa sharti naye akaombe shahada yake itambuliwe. Julai 2025 serikali ilitoa orodha ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya, ikiwamo kununua mazao shambani. Kwa hiyo ukija Kitangari, usinunue korosho kwa bibi njiani. Utashikwa.

Lakini ukija utapokewa, kama walivyopokewa wengine. Askofu Steere alifika Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliookolewa utumwani. Hakuna aliyemuuliza akiba ya siku 28. Profesa Weule, Mjerumani, alikaa Newala mwaka 1906 akipiga watu picha na kurekodi nyimbo zao kwa fonografu. Kimakonde chake hakikupimwa. Akaandika kitabu kuhusu sisi, na nadhani kilimpa cheo.

Wataalamu wenu wa karanga ndio ninaowakumbuka zaidi. Mwaka 1946 bwana Wakefield na wenzake walizunguka Tanganyika kwa miezi michache, wakarudi London na mpango wa mamilioni ya ekari, na kuanzia 1947 wataalamu wakamiminika: Kongwa, Urambo, na Nachingwea, hapo jirani nyuma ya Masasi. Walikuja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kusomba karanga ambazo hazijaota. Wenye kujua kulima karanga walikuwapo, wengi wao wanawake wenye jembe na mtoto mgongoni, ila hawakuwa na cheti kinachotambulika. Mwaka 1951 serikali yenu iliufuta mpango huo pamoja na hasara yake, takribani pauni milioni 36. Kwa kipimo changu ni magunia 450,000, na hiyo ni pauni ya wakati ule. Kwa huruma sijaigusa kwa mfumuko wa bei. Reli ikang'olewa. Bandari tunashukuru, ndiko korosho zinakopitia.

Wale wote, Mheshimiwa, walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi. Sijui walipata alama ngapi kati ya 70.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Nitumieni mpimaji mmoja. Ashuke kutoka Newala, aje huku bondeni. Maji yapo, maana huku, kwenye chanzo cha Mitema, ndiko yanakosukumwa kwenda juu mlimani. Akae dawati la nyuma siku ninapofundisha uwezekano. Nafundishia korosho zilizokataliwa ghalani. Namwaga punje ishirini mezani, nawauliza ni ngapi watabahatisha kuwa nzima, wanabishana, wanaandika sehemu zao ubaoni, kisha tunazikata. Wiki iliyopita msichana mmoja alikataa kubahatisha. Alisema, “Mwalimu, nipe kwanza niishike.” Akaipima kiganjani, akaitikisa sikioni, akasema tupu. Ilikuwa tupu. Akafanya hivyo mara saba, akakosea moja.

Mpimaji akiona somo halifai, aandike daraja la pili, nami nitasaini.

Wako katika mizani,

Mwalimu wa Hisabati,
Kitangari.

Viambatisho: nakala ya shahada, kwa Kiingereza, haikutafsiriwa, na korosho ghafi kilo moja, sampuli ya magunia ya juu na ya chini. Kisu cha kukatia tumieni chenu. Vaeni glavu.