Tone Chini ya Corolla

Oili ya injini mara nyingi haivuji pale panapoonekana pamelowa. Hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Tone linaloanguka usawa wa miguu ya dereva laweza kuwa lilianza safari juu kabisa ya injini, likatambaa ubavuni, likafika kwenye boliti ya sampo na kuning'inia hapo kana kwamba ndiko kwao. Mafundi wengi, na majirani wote, huanza kulichunguza hapo linaponing'inia.

Kalemela, mkoani Simiyu, ardhi nayo huvuruga ushahidi. Wasukuma huuita udongo wa kichanga luseni, na ule mweusi wa mfinyanzi mbuga. Gari likilazwa juu ya luseni, tone hunywewa upesi, na doa linalobaki huchakurwa na kuku kabla mwenyewe hajaamka. Juu ya mbuga, doa jeusi kwenye udongo mweusi halina shahidi. Ndiyo maana mwenye Corolla ya miaka ya 1990 huweza kusema bila kupepesa macho kwamba gari lake halivuji, linatoa jasho tu. Jasho lipo, kwa kweli: gasketi kuukuu hulowa, hukamata vumbi na kuota ukoko mweusi, ila jasho lenyewe halidondoki. Likidondoka si jasho tena.

Kwanza itambuliwe ni nini kinachodondoka. Kipande cha karatasi nyeupe kinatosha. Maji safi upande wa abiria baada ya safari ya kiyoyozi ni afya njema, ingawa yamewahi kuwapeleka watu gereji. Wekundu mara nyingi ni oili ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Rangi ya kijani au ya waridi ni maji ya rejeta. Oili ya injini ni ya kahawia ikiwa changa na nyeusi ikizeeka, na haitoki kwenye kola ya shati hata kwa jiki.

Kisha kijiti cha kupimia. Gari lisimame tambarare, injini izimwe dakika chache, kijiti kifutwe, kirudishwe, kichomolewe tena. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye magari mengi madogo, kuna kama lita moja, na injini ya 5A-FE ya Corolla hizo hubeba kama lita tatu tu. Iliyofika alama ya chini imepoteza theluthi ya damu yake. Oili ikipungua bila tone kuonekana popote, huenda inaungua ndani, na moshi wa bluu kwenye ekzosi utasema. Ile taa nyekundu yenye umbo la birika haikumbushi mtu kuongeza oili. Huwaka presha ikiwa imeshaanguka, na kuanzia hapo kila mita ya safari hulipiwa.

Usiku hutandikwa katoni chini ya injini, na mahali pa magurudumu hutiwa alama ya mkaa ili asubuhi ijulikane tone limetoka usawa wa wapi. Njia hii husifiwa na watu wasiofuga. Mbuzi hula katoni, na sehemu yenye oili huibakiza, ikiwa imekanyagwa na kupinduliwa, hivyo kinachopatikana ni ushahidi usiojua mbele wala nyuma. Bati chakavu la kuezekea haliliki.

Injini nayo ioshwe ikiwa ya baridi, kwa brashi, sabuni na dizeli kidogo, distribyuta ikifunikwa kwa mfuko wa plastiki. (Injini ya gari la kuuzwa inayong'aa kuliko bodi iliogeshwa kwa sababu.) Ikikauka hupulizwa poda ya mtoto na kuachwa ingurume dakika kumi, na mvujo huchora mstari mweusi juu ya weupe. Mtu mzima anayeipaka injini poda kando ya barabara ya Mwanza–Musoma hapati upweke. Husimama wa baiskeli, wa bodaboda, na mzee mmoja ambaye baada ya salamu ya mwangaluka hushauri, "Weka namba 40, mwanangu, itaziba." Haizibi. Oili nzito huvuja polepole zaidi, na mwenye gari huita hilo kupona.

Mstari hufuatwa kwenda juu mpaka uishe, na mahali palipolowa juu kuliko pengine pote ndipo penye kosa. Gasketi ya tapeti kava huongoza, kwa kuwa mpira uliopikwa na joto miaka thelathini hugeuka plastiki. Filta mpya ikifungwa juu ya mpira wa filta ya zamani uliogandia kwenye bloku, oili humwagika yote ndani ya dakika chache, na hilo halihitaji poda. Silikoni inayopakwa kama siagi hukatika vipande, na vya ndani huishia kwenye chujio la sampo.

Kesi inayogharimu watu zaidi ni ya distribyuta. Kwenye 5A-FE imechomekwa mwishoni mwa silinda hedi, juu ya giaboksi, na inazuiwa kuvuja na oringi moja isiyozidi upana wa bangili ya mtoto. Oringi ikikauka, oili huteremka juu ya giaboksi na kudondoka pale giaboksi linapoungana na injini, mahali hasa ambapo sili ya nyuma ya krenki ingedondokea. Fundi hulala chini, huchungulia, hutoka na hukumu: "Bosi, sili ya nyuma hiyo. Tunashusha giaboksi." Giaboksi hushushwa, siku mbili huisha, sili hubadilishwa, mwenye gari huanza safari ya Bariadi. Akifika Lamadi kunywa soda, tone liko palepale. Hapo kilomita 70 na ushei za lami bado zinamsubiri.

Kidole kingetosha. Hupitishwa chini ya distribyuta, injini ikiwa imezimwa. Kikitoka cheusi, giaboksi liachwe. Alama ya distribyuta huchorwa kwa msumari kabla ya kuchomolewa, ili irudi pembe ileile, la sivyo gari litaacha kuvuja na kuacha kuwaka pia. Oringi ikishabadilishwa, matone huendelea siku mbili, kwa sababu oili iliyojificha kwenye maungio bado inateremka, na katika siku hizo mbili urafiki wa mwenye gari na fundi huyumba. Siku ya tatu bati huwa kavu, isipokuwa kinyesi cha kuku, ambacho hakihusiani na injini.