Sifa za Apdeti

Ng'ombe wameimbiwa, mvua imeombewa, na kuanzia Maua mpaka Kiritiri hukosi mtu wa kutetea miraa au muguka hadi povu limtoke. Apdeti wa kompyuta ndiye hana mtetezi. Basi nasimama mimi.

Tuanze na adabu zake. Tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya mwezi, na kwa saa zetu huwa ni saa mbili usiku, au saa tatu Marekani ikiwa kwenye baridi. Yaani anafika mukimo ukipakuliwa, kama shemeji. Hapigi hodi. Anakula bando lako la wiki kimyakimya na hakuachii hata ukoko. Mgeni wa kawaida hupewa jembe siku ya tatu. Huyu huja na lake, tena hulima palepale ulipokalia.

Na heshima anayopewa! Kule Nchiru, Tigania, wazee wa Njuri Ncheke wakiwa barazani huendi kuwauliza watamaliza saa ngapi. Apdeti naye ni hivyo. Kiduara kinazunguka, asilimia 30 imekaa kama jiwe la mpaka, na agizo ni moja tu: usizime. Nimekuwa baba miaka mingi na sijatiiwa hivyo.

Jioni moja ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, nilikuwa nimeshambonyezea "baadaye" kwa wiki tano. Kidole kikateleza, nikamkubali. Alipofika asilimia 35, stima ikapotea. Mtambo wa Gitaru, mkubwa kuliko mitambo yote ya maji nchini, uko hapa kwetu kwenye Mto Tana, lakini stima ni kama mtoto aliyesoma: hupita kwao ikienda mjini. Betri ya laptopu yangu ya eks-UK hudumu muda wa kunywa kikombe kimoja cha uji. Nilikinywa nikiitazama ikifa.

Binti yangu alikuja wikendi. "Baba, hii si kazi ya kidole," akasema, akanisogeza kando. Akaipanga kompyuta ya sebuleni ishushe viraka usiku wa manane, na laptopu ya mama yake ichukue sehemu yake kutoka hapo kupitia waifai ya nyumba, bando lisiliwe mara mbili. Akaweka pia saa ambazo mashine haziruhusiwi kujizima na kujiwasha. Mwisho ni saa 18 kwa siku. Mimi niliomba 24.

Wanaomtukana apdeti wakumbuke mwaka 2017. Kiraka kilitoka tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita katika ufa uleule, kikafunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi 150 hivi, na hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kote huko kulikuwa na watu waliobonyeza "baadaye" kama mimi.

Lakini sifa zake nilizijua vizuri alipoacha kuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilikoma kupewa viraka vya kawaida, na ile eks-UK yangu ni nzee mno kwa Windows 11. Jumanne ya pili ya Novemba ikaja, saa mbili, saa tatu. Kimya. Mezani palikuwa na nafasi ya shemeji, na nakiri nilichungulia dirishani.

Binti akaiwekea Ubuntu, ambayo hutafuta viraka vya usalama kila siku na kujibandika bila kumwuliza mtu. Sasa mashine zote tatu hujisasisha tukiwa tumelala, ila mimi. Saa nane usiku huwa nimekaa sebuleni na blanketi, nikizisoma asilimia.