Bure ya Kuiba na Bure ya Kupewa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na mashine yangu ikafiwa. Nikauliza kuhusu Windows 11. Jibu: haifai. Eti haina chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Eti prosesa yake ya Intel haijafika kizazi cha 8. Kizazi cha nane! Mimi mwenyewe babu wa babu yangu simjui jina, na mashine inaulizwa ukoo mpaka wa nane.

Ni mashine ya mwaka 2013. Ilitumika Bulaya, ikazeekea huko, ikaingia kwa Kasumbalesa ndani ya lori la nguo kuukuu. Shaba na kobalti za Katanga zinaondoka hapa zikiwa changa, zinazunguka dunia, kisha zinaturudia zimechoka, na mimi ndiye ninayezipokea kwenye kibanda changu hapa Kikula, Likasi. Ninachapa barua za kuomba kazi mgodini, mialiko ya harusi, na hasa zile TFC, kazi za mwisho za wanafunzi wanaomaliza masomo, ambazo huletwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Mtoto wa kaka yangu akasema, "Baba mudogo, weka Linux. Ni bure."

Nikamcheka. Windows yangu nayo ilikuwa bure! Katika mtaa wetu simjui hata mmoja aliyewahi kuinunua. Kijana huja na flashi, anaiweka, anapewa soda na faranga kidogo, anaondoka. Baada ya muda pembeni ya skrini hutokea maandishi ya kijivujivu, "Activer Windows", na unazoea kuishi nayo kama unavyozoea kidonda kisichouma. Yangu yalikaa miaka mingi hivi kwamba mteja mmoja alidhani ndilo jina la kibanda.

Kwa hiyo hao wanaolinganisha mfumo wa kulipia na mfumo wa bure, waje wafanye hesabu yao Likasi. Hapa tunalinganisha bure ya kuiba na bure ya kupewa.

Mtoto wa kaka hakukubali. "Si bure tu, ni huru." Akanieleza kwamba Mfini mmoja, Linus Torvalds, aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, umri miaka 21, akaiachia dunia iifungue na kuitengeneza inavyotaka. Akaniambia pia iko ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliyotoka 2004, inaitwa Ubuntu. Hapo nikalainika kidogo. Neno hilo Baluba wanasema bumuntu, sisi tunasema utu. Nikaona aibu kuukataa mfumo wenye utu wakati mimi mwenyewe nilikuwa ninatumia wa wizi.

Akaweka. Mega zote za intaneti nilizonunua kwa wiki zikaisha kabla ya saa sita mchana, kwa kitu cha bure. Umeme ukakatika mara mbili katikati. (Bwawa la Mwadingusha tunalo karibu, kwenye Lufira, lakini kukaa karibu na jiko si kula.)

Nikiri jambo moja, maana sitaki kuitwa mnafiki. Flashi za wateja wangu ni zahanati nzima. Zamani ukichomeka moja, mafolda yote yanageuka njia za mkato, ukibonyeza tu, kirusi kimeingia kwako. Kwenye Linux hicho kirusi kinalala pale kama mbwa asiyejua lugha ya nyumba, na mafolda ya kweli yaliyofichwa yanaonekana. Ninafuta takataka, ninamrudishia mwanafunzi kazi yake, na Kikula nzima sasa inaniita mganga. Sijawakatalia.

Lakini ujuzi huo haukunisaidia siku ya Times New Roman. Profesa anataka Times New Roman, 12. Linux haikuwa nayo. Ilikuwa na nduguye, Liberation Serif, iliyochongwa kwa upana uleule herufi kwa herufi ili mistari isihame. Mimi sikuona tofauti. Mwanafunzi akainamia skrini, akanyamaza kama daktari anayesikiliza kifua, akasema, "Papa, hii si Times." Mwanafunzi huyohuyo katika kurasa 60 hakuwa ameona kwamba sura ya pili imerudiwa mara mbili.

Halafu mtoto wa kaka akanifanyia zawadi: akabadilisha programu ya kuchapia kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Nilifurahi mpaka nilipoisoma. Kilikuwa Kiswahili cha Tanzania, kilichonyooka kama suruali ya askari. Pale nilipozoea "Édition" pameandikwa "Hariri". Nikajiuliza kitambaa cha hariri kimeingiaje kwenye mashine. Mimi niliyezaliwa ndani ya lugha hii, nikatafuta kamusi ili nihifadhi barua. Nikarudisha Kifaransa kimyakimya, asione.

Wiki iliyofuata akapata kazi Kolwezi, mgodini. Akaondoka na begi, na godoro, na neno la siri la mashine yangu.

Nilijua hilo siku nilipoazima printa ya jirani. Ili iitambue, mashine ikataka neno la siri. Nikaweka jina langu, ikakataa. La mke wangu, ikakataa. Mashine huru, mwenyewe nje ya mlango! Nilimpigia tangu asubuhi. Mgodini simu huachwa getini hadi zamu iishe. Jioni akapokea, akanielekeza nifungue kale kadirisha keusi, akanitajia neno. Nikaandika. Hakuna kilichotokea. Wala herufi, wala nukta. Nikapuliza vumbi kwenye kibodi. Nikaitingisha. Nikamwambia vitufe vimekufa.

"Vizima, baba mudogo. Inasikia, ila haionyeshi. Andika tu."

Nikaandika upya, herufi moja moja, kwenye giza lile, huku mama mmoja mwenye mialiko ya harusi akiniangalia mimi, kisha skrini tupu, kisha mimi tena.

"Papa," akasema taratibu, "ungeanza kwanza na kuwasha."