Namna ya Kuvishinda VVU Ukafe kwa Presha

Hongera, mzee wangu. Mwaka 2004, serikali ilipoanza kugawa ARV bure, majirani walikuwa wameshakuchimbia kaburi kwa mdomo. Ukameza, ukaamka. Stavudini ikakukausha mashavu na kukutia ganzi ya nyayo, ukavumilia. Mwaka 2011 ulipanga foleni Samunge, ukanywa kikombe cha dawa ya Babu mponyaji kwa shilingi 500, kisha ukarudi CTC, kliniki ya VVU, kimyakimya. Leo una miaka 63 na virusi havionekani kwenye kipimo. Kwa kuwa vyenyewe vimeshindwa kukuua, kazi hiyo sasa ni yako. Fuata mwongozo huu.

Kwanza, tenga madirisha. CTC peleka kadi. Dirisha la wazee, kwenye presha na sukari, peleka daftari jipya la shule. Viwili hivyo visikutane hata mfukoni. Daktari kijana akikuamkia, "Shikamoo mzee, kuna dawa nyingine unatumia?" itikia marahaba, kisha jibu, "Panadol tu." Naye atakuandikia metformini gramu moja asubuhi, gramu moja jioni, kama anavyowaandikia wengine. Dolutegraviri iliyomo kwenye kidonge chako cha CTC huichelewesha metformini kutoka mwilini, ndiyo maana anayemeza zote mbili hapaswi kuzidi gramu moja kwa kutwa nzima. Lakini hayo ni ya watu wasemao kweli. Wewe utaharisha, utayasingizia maharage, na maharage hayana wakili.

Kiungulia kikikubana, tafuna dawa yake papo hapo ukisindikiza ARV. Magnesiamu na alumini vitaikamata dolutegraviri tumboni isifike kwenye damu. Waoga humeza ARV saa mbili kabla ya dawa hiyo, au saa sita baada yake.

Presha usiipime. Haiumi, na kisichouma si ugonjwa. Wakikubana wakakupa dawa, meza wiki mbili, ukijisikia vizuri acha. Ati dawa gani hii isiyoponya? Swali zuri, ingawa ARV umezimeza miaka zaidi ya ishirini hujawahi kuliuliza. Wataalamu watakuambia kwamba virusi hata vikilala huacha moto mdogo unaochakaza mishipa ya damu, moyo ukazeeka kabla ya mwenyewe. Waache waongee.

Sasa kitambi, na hapa naomba utulie. Wewe ni mtu wa miaka ile ambayo kukonda kulikuwa hukumu. Shati likipwaya tu, watu wanaulizana kama umekanyaga miwaya. Kwa hiyo kitambi chako ni cheti cha afya kilichogongwa muhuri. Kitunze kwa chipsi mayai na soda baridi. Nesi akisema dawa za siku hizi huwaongezea wengine uzito, na kwamba sukari inapenda viuno vipana, mwambie hakuwepo enzi zile. Kweli hakuwepo. Alikuwa hajazaliwa.

Magoti yakiuma, diklofenaki ipo duka la dawa mtaani, hutaulizwa cheti. Meza kila siku. Tenofoviri iliyomo kwenye kidonge kilekile cha CTC peke yake inatosha kuwafanya madaktari wafuatilie figo zako. Ukiiongezea diklofenaki unazipa figo mzigo wa pili bila nauli. Kipimo cha figo kikitajwa, sema una msiba Singida.

Bibi naye asijione ameachwa. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari takriban mara sita zaidi ya saratani ya shingo ya kizazi, kwa hiyo akiitwa kuchunguzwa ajibu kwamba alishafunga uzazi zamani.

Mwisho, ghala. Kopo la ARV za miezi mitatu lina kelele, ukilitikisa nyumba nzima inajua. Mimina vidonge ndani ya soksi pamoja na vya presha na vya sukari, viloane jasho la godoro. Ukipapasa chini ya godoro ukagusa soksi nyingine yenye vidonge, hiyo ni ya mkeo. Irudishe ilipokuwa.